Sura ya Tano: Kura ya Muliro na Ushuru wa Mama Mboga

Mwezi wa Juni 1975, Bunge la Kenya lilipiga kura iliyoishia 62 kwa 59. Mbele ya wabunge kulikuwa na ripoti ya kamati teule kuhusu mauaji ya Josiah Mwangi Kariuki, mbunge wa Nyandarua Kaskazini. Kariuki alionekana mara ya mwisho tarehe 2 Machi katika hoteli ya Hilton jijini Nairobi, kisha maiti yake ikapatikana Ngong. Serikali haikutaka ripoti ile ikubaliwe, na kwa desturi kila waziri hupiga kura upande wa serikali yake. Siku hiyo watatu walikataa: Masinde Muliro, Waziri wa Ujenzi, pamoja na mawaziri wasaidizi John Keen na Peter Kibisu. Ripoti ikapita. Rais Jomo Kenyatta akawafuta kazi wote watatu.

Muliro alikuwa mbunge kutoka Kitale. Mwenyekiti wa kamati iliyoandika ripoti alikuwa Elijah Mwangale, mbunge wa Bungoma Mashariki. Miji miwili iliyo mbali na Ikulu, ambayo wengi huijua kwa mahindi na miwa, ndiyo iliyotoa mwandishi wa ukweli na waziri aliyekubali kuulipia.

Na marehemu waliyemtetea alikuwa nani? J.M. Kariuki alikuwa na mali nyingi, lakini aliitumia sauti yake kuwasemea waliokosa ardhi na waliokosa kazi. Onyo lake kwamba Kenya isije ikawa nchi ya mamilionea kumi na ombaomba milioni kumi bado linatajwa hadi leo. Kumpigia kura aliyekufa kulikuwa kupigia kura swali alilouliza: uhuru huu ni wa nani?

Ninaianza sura hii na kura ile kwa sababu tumezoea kumpima mtetezi wa wanyonge kwa ukali wa hotuba zake. Tunamshangilia akipanda juu ya gari sokoni, akimkaripia askari wa kanjo (askari wa mji), akinunua nyanya zote za mama mmoja mbele ya kamera. Hayo hayamgharimu kitu. Mama mboga, mchuuzi mdogo wa sokoni, hutetewa mahali sheria inapotungwa na hesabu inapopangwa, na anayemtetea kweli hujulikana siku ambayo kura yake inaweza kumnyima cheo.

Mwana wa Matili

Masinde Muliro alizaliwa mwaka 1922 katika kijiji cha Matili, karibu na Kimilili, katika eneo ambalo sasa ni Kaunti ya Bungoma. Alisoma katika Chuo Kikuu cha Cape Town, Afrika Kusini, miaka ambayo ubaguzi wa rangi ulikuwa ukigeuzwa kuwa sheria ya nchi. Alirudi nyumbani 1954 akafundisha. Machi 1957 alimshinda W.W.W. Awori na kuingia Baraza la Kutunga Sheria, mmoja wa Waafrika wanane wa kwanza kuchaguliwa, pamoja na Tom Mboya, Oginga Odinga, Ronald Ngala na Daniel arap Moi.

Uchaguzi ule una jambo la kuzingatiwa. Mwafrika hakupiga kura kwa kuwa yeye ni mtu mzima. Ilimlazimu athibitishe elimu, mali, kipato au utumishi wake. Aliyekuwa na sifa nyingi alipewa hadi kura tatu. Mwanamke aliyeuza ndizi kando ya reli ya Bungoma hakuwa na hata moja. Wakoloni waliamini kwamba maskini hawezi kuhukumu mambo ya nchi, na imani hiyo haikufa siku bendera ya Uingereza iliposhushwa. Imebaki katika kila ofisi ambamo mchuuzi huambiwa asubiri nje huku wakubwa wakiamua soko lake lihamishiwe wapi.

Baada ya uhuru, Muliro alishika wizara ya ushirika na huduma za jamii kabla ya kupelekwa Ujenzi. Katika Trans Nzoia, eneo la Kitale, anakumbukwa kwa kuwahimiza watu wachange pesa na kununua mashamba ya walowezi kwa pamoja, kwa kuwa peke yake mkulima mdogo asingeweza kufikia bei. Alielewa kwamba maneno matamu hayampi maskini ekari hata moja. Kinachompa ni hisa, hati na kikundi kinachosimama pamoja.

Bei ya kusema

Baada ya Juni 1975, wabunge wa ukanda huu walifundishwa bei ya kusema. Tarehe 15 Oktoba mwaka huohuo, Martin Shikuku wa Butere na Jean-Marie Seroney wa Tinderet, aliyekuwa Naibu Spika, walikamatwa katika majengo ya Bunge na kuwekwa kizuizini. Kosa lao lilikuwa kusema kwamba chama cha KANU kimekufa. Mwaka uliofuata Chelagat Mutai, mbunge kijana wa Eldoret Kaskazini, jirani wa Trans Nzoia, alifungwa jela kwa mashtaka ya kuwachochea wananchi katika mgogoro wa shamba la Ziwa.

Mwangale alifuata njia nyingine. Mwenyekiti yule wa kamati aliingia serikalini, akawa waziri katika utawala wa Rais Moi, na mwaka 1983 ndiye aliyesimama bungeni kumtaja waziri mwenzake Charles Njonjo kuwa msaliti. Mwaka 1992 wapiga kura wa Kimilili walimwondoa na kumchagua Mukhisa Kituyi, kijana wa upinzani. Simhukumu Mwangale kwa kuwa waziri. Muliro mwenyewe alikuwa waziri. Tofauti ya wawili hawa inafundisha kwamba cheo hakimzuii mtu kuwatetea watu wake mpaka siku mambo hayo mawili yanapogongana. Hapo ndipo hulazimika kuchagua.

Muliro alichagua tena uzeeni. Agosti 1991 alikuwa miongoni mwa wazee sita walioanzisha vuguvugu la upinzani la FORD, pamoja na Odinga, Shikuku, Philip Gachoka, Ahmed Bamahriz na George Nthenge. Kabla ya mwaka kwisha, kifungu cha 2A kilichoifanya Kenya nchi ya chama kimoja kilifutwa. Muliro hakuufikia uchaguzi wa vyama vingi. Alifariki tarehe 14 Agosti 1992 katika uwanja wa ndege wa Nairobi, akitoka London.

Tangu hapo, watu wa Kitale na Bungoma wamepanda juu sana. Michael Wamalwa Kijana, mbunge wa Saboti, alikuwa Makamu wa Rais mwaka 2003 hadi kifo chake Agosti mwaka huo. Kenneth Lusaka, gavana wa kwanza wa Bungoma, alikuwa Spika wa Seneti kuanzia 2017 hadi 2022. Moses Wetang'ula, aliyekuwa seneta wa Bungoma, alichaguliwa Spika wa Bunge la Taifa mwaka 2022. Ni sehemu chache za Kenya zilizowahi kushika viti vikubwa hivyo. Basi mama mboga wa soko la Kitale ana haki ya kuuliza: viti hivyo vimenipunguzia nini katika ushuru wangu?

Mji wa waliokosa shamba

Ili tulijibu swali hilo, tuwajue kwanza wanaouza. Kitale ulikuwa mji wa walowezi wa Kizungu katikati ya mashamba makubwa, na reli iliyofika 1926 ilijengwa kubeba mahindi yao. Mwafrika alikuja kama kibarua. Mashamba yalipogawanywa baada ya uhuru, wengine walipata vipande na wengine hawakupata. Ghasia za kikabila za 1991 na 1992 ziliwafukuza maelfu kutoka mashambani na kuwasukuma mijini. Mgogoro wa Mlima Elgon kati ya 2006 na 2008 ukaongeza wengine, na ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007 zikaongeza tena. Mitaa kama Kipsongo, Tuwan na Shimo la Tewa ilijaa watu waliokuwa na jembe lakini hawakuwa na shamba.

Bungoma ilipata pigo la namna nyingine. Kiwanda cha karatasi cha Pan Paper mjini Webuye, kilichoanza kazi miaka ya 1970, kilifungwa mwaka 2009. Kiwanda cha sukari cha Nzoia nacho kilidhoofika mwaka baada ya mwaka, mishahara ikichelewa na malipo ya miwa yakichelewa. Nyumba iliyotegemea mshahara wa kiwanda ilianza kutegemea meza ya mitumba, bodaboda, au gunia la vitunguu kutoka Chwele, mojawapo ya masoko makubwa ya wazi magharibi mwa Kenya.

Uchuuzi, basi, ni kimbilio la watu ambao ardhi, kiwanda na amani viliwatoka mikononi. Hesabu za taifa zinaonyesha ukubwa wake. Utafiti wa Shirika la Taifa la Takwimu wa mwaka 2016 ulikadiria biashara ndogo, za kati na za chini kabisa kuwa milioni 7.4. Kati ya hizo, milioni 5.85 hazikuwa na leseni, na zote pamoja ziliajiri watu wapatao milioni 14.9. Anayewaita watu hawa uchafu wa mji anaitukana sehemu kubwa ya nchi.

Ushuru hutungwa wapi

Kabla ya 2013, masoko yalikuwa chini ya mabaraza ya miji. Katiba ya 2010 iliyahamisha: Jedwali la Nne linazipa kaunti masoko, leseni za biashara na maendeleo ya biashara. Kwa sababu hiyo, mbunge anayeahidi kujenga soko anaahidi kazi ya mtu mwingine. Pesa za hazina ya maendeleo ya eneobunge hazikuwekwa kwa kazi za kaunti. Mwakilishi wa karibu zaidi na meza ya mchuuzi ni mwakilishi wa wadi, yule tunayemwita MCA. Trans Nzoia ina wadi 25, Bungoma ina 45. Hao ndio wanaopitisha sheria ya fedha ya kaunti, na ndani ya sheria hiyo mna bei ya kila kitu: ushuru wa siku sokoni, leseni ya kibanda, ada ya kuegesha bodaboda, sesi ya mazao yanayosafirishwa.

Chukua mfano wa mama anayetandaza sukumawiki na nyanya. Tuseme ushuru wake ni shilingi 30 kwa siku, naye huuza siku sita kwa wiki. Kwa mwaka atakuwa amelipa shilingi 9,360. Hulipa siku aliyouza na siku ambayo mvua imemnyima wateja. Hulipa kiasi kilekile awe na debe moja au matano. Akinunua bidhaa Chwele na kuzisafirisha hadi Kitale kupitia Kimilili na Kiminini, amevuka mpaka wa kaunti mbili, na sesi inaweza kumngoja pande zote mbili. Gharama hiyo hatimaye huingia katika bei ya fungu, na anayelinunua fungu hilo ni maskini mwenzake.

Sasa linganisha na sheria ya taifa. Kodi ya mauzo inayotozwa biashara ndogo huanzia mauzo ya shilingi milioni 1 kwa mwaka. Sheria ya Fedha ya 2023 ilipandisha kiwango chake kutoka asilimia 1 hadi asilimia 3, lakini iliacha kizingiti hicho cha chini palepale. Maana yake, Bunge limekiri kwamba anayeuza chini ya milioni 1 ni mdogo mno kutozwa kodi ya mauzo. Kaunti haijakiri hivyo. Mtu ambaye taifa linamsamehe ndiye ambaye kaunti humfuata kila asubuhi na kitabu cha risiti. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba cha mapato ya kaunti hujazwa pia na watu wa namna hii.

Sisemi wasilipe. Soko linahitaji choo, maji, taa na mtu wa kuzoa taka, na wachuuzi wengi hulipa kwa hiari wakiviona. Ninachosema ni kwamba ushuru ni mkataba. Anayetoa shilingi 30 kila siku kisha akauza matopeni, akajisaidia nyuma ya duka la mtu na kurudi nyumbani gizani, amevunjiwa mkataba.

Wilibaro kumi

Mwaka 2015 nchi nzima ilisikia habari ya wilibaro za Bungoma. Serikali ya kaunti ilikuwa imenunua kumi kwa ajili ya vichinjio, kila moja kwa shilingi 109,320. Jumla ilipita shilingi milioni 1. Watu wengi walicheka. Mimi naomba tuipige hesabu tukiwa sokoni.

Kwa ushuru wetu wa mfano wa shilingi 9,360 kwa mwaka, wilibaro moja ilikula ushuru wa mwaka mzima wa wachuuzi 11, na bado ikabaki deni. Zote kumi zilikula wa wachuuzi zaidi ya 116. Chukua wanawake 116, uwaambie kwamba kila shilingi waliyotoa tangu Januari hadi Desemba imekwenda kwa wilibaro kumi. Hakuna hata mmoja atakayecheka.

Hapa ndipo utetezi wa kweli unapohitajika, na hapa ndipo mara nyingi haupo. Anayepaza sauti dhidi ya askari wa kanjo lakini akasinzia bajeti ikisomwa amemwacha mchuuzi mlangoni. Askari yule anatekeleza tu kilichopitishwa.

Mambo matatu ya kumdai mwakilishi

La kwanza ni kuijua kalenda. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inataka makadirio ya bajeti yafikishwe katika bunge la kaunti kufikia 30 Aprili, na mswada wa fedha upitishwe ndani ya siku 90 baada ya mswada wa matumizi kupita. Kwa hiyo ushuru wa mwaka ujao hujadiliwa kati ya Juni na Septemba. Mwakilishi anayewajali wachuuzi huwaita katika miezi hiyo na kuwasomea viwango vipya kimoja kimoja kwa lugha wanayoielewa. Ibara ya 196 ya Katiba inalitaka bunge la kaunti liwashirikishe wananchi. Kubandika tangazo ukutani siku mbili kabla ya mkutano, tena kwa Kiingereza, hakumshirikishi mtu.

La pili ni kuitumia Katiba kama ngao ya kila siku. Ibara ya 210 inasema hakuna kodi wala ada ya leseni itakayotozwa ila kwa sheria. Mchuuzi anayedaiwa pesa bila risiti ana haki ya kuuliza ni sheria gani. Ibara ya 119 inampa kila mtu haki ya kupeleka ombi bungeni, na Sheria ya Serikali za Kaunti ina nafasi kama hiyo kwa mabunge ya kaunti. Kazi ya mwakilishi ni kukaa na kikundi cha akina mama, kuandika ombi hilo kwa utaratibu unaotakiwa, na kulifuatilia mpaka lijibiwe.

La tatu ni kuwapa wachuuzi kiti mezani. India ilipitisha sheria ya wachuuzi wa mitaani mwaka 2014. Sheria hiyo inataka kamati za miji zinazopanga mahali pa kuuzia ziwe na wachuuzi wasiopungua asilimia 40, wanaochaguliwa na wenzao, na theluthi moja yao wawe wanawake. Tanzania, kuanzia Desemba 2018, ilijaribu njia nyingine: kitambulisho cha mjasiriamali mdogo kwa shilingi 20,000 za huko kwa mwaka, ili mchuuzi asisumbuliwe kila kona. Ya Tanzania ilitegemea amri kutoka juu, na amri hubadilika na mwenye kuitoa. Ya India iliwekwa katika sheria, na mchuuzi anaweza kuidai mahakamani. Mabunge ya Trans Nzoia na Bungoma yana mamlaka ya kutunga sheria ya namna hiyo kwa masoko yao bila kuisubiri Nairobi.

Kura kwa majina

Tarehe 1 Juni 2024, sherehe za taifa za Madaraka zilifanyika Bungoma, katika uwanja wa Kanduyi unaoitwa kwa jina la Masinde Muliro. Tarehe 25 ya mwezi huohuo, wabunge walipitisha Mswada wa Fedha kwa kura 195 dhidi ya 106, huku vijana wakiandamana katika miji mingi ya nchi. Mswada huo ulipowasilishwa ulitaka hata mkate utozwe kodi ya ongezeko la thamani (VAT) ya asilimia 16. Pendekezo hilo liliondolewa kwa shinikizo la umma kabla ya kura ya mwisho, na siku moja baada ya kura Rais alitangaza kwamba hatautia sahihi mswada wote. Damu ya Wakenya ilikuwa imemwagika.

Jambo moja la siku zile linafaa kuhifadhiwa. Wananchi walisambaza majina ya waliosema ndiyo na waliosema la. Kwa mara ya kwanza katika maisha ya vijana wengi, kura ya mbunge ilijulikana mtaani kwao jioni ileile. Hivyo ndivyo tunavyomjua Muliro pia. Tunalijua alilofanya 1975 kwa sababu kura ilihesabiwa, na kila mtu alionekana aliposimama.

Katika mabunge ya kaunti, maamuzi mengi hupita kwa sauti. Spika huuliza, wanaokubali hujibu ndiyo, wanaokataa hujibu la, na upande wenye sauti kubwa hushinda. Baadaye kila mmoja akirudi wadini anaweza kuwaambia wachuuzi kwamba yeye alikataa. Ushuru umepanda, na hakuna aliyeupandisha.

Kwa hiyo dai langu kwa Kitale na Bungoma ni hili. Kila mwaka mswada wa fedha wa kaunti upigiwe kura kwa majina. Majina ya wawakilishi wote, pamoja na jibu la kila mmoja, yabandikwe kwa Kiswahili kwenye lango la kila soko kabla ushuru mpya haujaanza kutozwa. Jambo hili halihitaji pesa za wafadhili, wala jengo jipya, wala kamati ya kwenda kujifunza ng'ambo. Linahitaji mwakilishi mmoja atakayelidai na wenzake wachache watakaosimama naye, kisha tuone ni nani atakayekataa jina lake lisomwe. Muliro alilitoa jina lake akijua litamwondoa wizarani. Anayeomba kura za wachuuzi leo anaombwa kitu kidogo kuliko hicho: kura yake ionekane na wanaoilipia.